Bibi Aliyeachwa Mpwapwa: Uchambuzi wa Kisa cha Ukoo Mmoja

Ukoo huu una matawi mawili. Moja limebaki vijijini wilayani Mpwapwa, jingine lilihamia Dodoma mjini zamani, na yote mawili yanamtaja mwanamke mmoja kuwa ndiye shina. Hapa tutamwita bibi mkuu. Jina lake ni la familia na halina kazi katika uchambuzi huu. Tawi la mjini lina masimulizi yaliyonyooka: alikuwa Mnyamwezi, mke wa mpagazi, alikuja na msafara wa Stanley, yule mpelelezi wa Kizungu, ukitoka bara kwenda pwani, akaugua njiani, akaachwa Mpwapwa, akaolewa na Mgogo. Tawi la kijijini halina maneno mengi. Linasema alibadilishwa kwa debe mbili za mtama, basi.

Kilembwe mmoja wa tawi la mjini alikuwa anaandaa kitabu cha ukoo na alihitaji aya moja ya kumhusu. Karatasi yenye jina la bibi mkuu haikuwepo, na kwa mwanamke wa bara aliyezaliwa kabla ya utawala wa Wajerumani hilo ndilo jambo la kawaida. Kwa hiyo kazi ilianza na hesabu ya vizazi, ikaingia kwenye mahari, na nyaraka zikaja mwisho. Wengi hufanya kinyume. Hukimbilia nyaraka kwanza, na wakitoka mikono mitupu huamua kwamba hakuna kinachoweza kujulikana.

Mlolongo wenyewe ni wa kike mtupu, na hiyo ni bahati, kwa sababu umri wa mwanamke wa kuzaa una mipaka, wa mwanamume hauna. Bibi mkuu alimzaa binti, binti akamzaa mjukuu, mjukuu akamzaa kitukuu, ambaye ndiye mzee aliye hai na msimulizi mkuu. Kitambulisho cha taifa cha kitukuu kinasema alizaliwa Januari mosi 1944. Ukiona Januari mosi kwa mzee wa kijijini, jua mwaka umekadiriwa, na mpe miaka mitatu huku na huku. Yeye ni mtoto wa nne wa mama yake kati ya waliokua. Mama yake, yaani mjukuu, alizaliwa "wakati wa Mtunya".

Mtunya ni njaa ya kati ya 1917 na 1920. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na watu wa kubeba mizigo katika Ugogo, kisha mvua ikakatika. Mjukuu aliyezaliwa hapo na kupata mtoto wa nne katikati ya miaka ya 1940 ana umri unaoeleweka, kati ya miaka 21 na 30. Hadi hapo hesabu inakaa.

Mtego uko kwenye neno "njaa kubwa". Kila tawi lina njaa yake kubwa, na mzee akisema tu "njaa ile" msikilizaji huichukua ile anayoijua. Dawa ni kuuliza mambo ya pembeni. Je, treni ilikuwepo? Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na watu wa Mpwapwa waliiona Gulwe kabla ya hapo kidogo. Je, ng'ombe walichukuliwa au walikufa? Waliochukuliwa na askari ni wa Mtunya. Waliokufa wenyewe zizini, mamia kwa siku chache, hata wanyama wa porini wakaanguka, hao ni wa sotoka, iliyopita Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890. Je, watu walikuwa wanachechemea kwa funza? Funza naye aliingia bara katika miaka hiyo hiyo ya 1890, na wazee wengi wamepokea habari zake kwa sababu vidole vilikatika. Maswali haya matatu yanatosha kutenganisha njaa mbili ambazo zimeachana kwa karibu miaka 25.

Kwa binti, kitukuu alisema hivi: "Bibi alizaliwa ng'ombe wakiwa bado hawajafa." Alipoulizwa kama askari ndio waliowachukua, alikataa. Ng'ombe walikufa, ngozi zikatupwa. Ni sotoka, basi. Binti hakuzaliwa baada ya 1891. Upande wa pili, mjukuu alikuwa mtoto wake wa tatu aliyeishi na alizaliwa katika Mtunya, kwa hiyo binti hawezi kurudishwa nyuma sana pia. Kumzalisha kabla ya 1885 kunamfanya azae mtoto wa tatu akiwa na zaidi ya miaka 32. Inawezekana, maana watoto waliokufa wachanga hawatajwi katika hesabu za kifamilia, lakini kadiri unavyorudi ndivyo inavyokuwa ngumu. Binti alizaliwa kati ya 1885 na 1891, na miaka ya mwisho ndiyo yenye uzito. Akiwa ni kifungua mimba wa bibi mkuu, kama matawi yote yanavyokubali, bibi mkuu alizaliwa takriban kati ya 1863 na 1874, na alikuwa ameshafika Mpwapwa si baada ya 1890.

Sasa Stanley. Mtu akisikia jina hilo hukumbuka safari ya kumtafuta Livingstone, na safari hiyo ilipita Mpwapwa Mei 1871. Wakati huo bibi mkuu alikuwa mtoto mdogo au hajazaliwa. Tena msafara ulikuwa unatoka Bagamoyo kwenda magharibi, wakati masimulizi yanamleta kutoka Unyamwezi kwenda pwani. Stanley alipita tena Ugogo mwishoni mwa 1874 na mwanzoni mwa 1875, tena akielekea bara. Wachunguzi wengi wangefunga jalada hapo na kusema familia imejitungia.

Wangekosea. Stanley alifika Mpwapwa mara nyingine, Novemba 1889, safari hii akitoka bara na Emin Pasha, gavana wa Ekwatoria, jimbo la kusini mwa Sudan. Walikuwa na mamia ya watu waliotoka Ekwatoria, wanaume, wanawake na watoto, wakishukia Bagamoyo ambako waliingia Desemba 4. Njia yao ilipita kusini ya Ziwa Victoria na kando ya Unyamwezi kabla ya kuingia Ugogo. Mwelekeo ni sahihi, mwaka uko ndani ya dirisha letu, na msafara ulikuwa na wanawake wengi. Kwa hiyo tarehe peke yake haiwezi kuyaua masimulizi ya tawi la mjini.

Kinachoyadhoofisha ni kitu kingine. Kituo cha Wajerumani cha Mpwapwa kilishambuliwa mwaka 1889 katika vita vya Abushiri, na miezi michache baadaye Wissmann, kamanda wa Wajerumani, akaweka ngome ya kijeshi hapo. Stanley alipofika Novemba, wanajeshi wa Kijerumani walikuwepo. Mtu aliyeachwa na msafara ule angeachwa mbele ya macho ya ngome, na kumbukumbu ya familia ingekuwa na Wajerumani ndani yake. Haina. Tawi la mjini halina habari yoyote ya askari, bendera wala bunduki siku bibi mkuu alipoachwa, ilhali tawi hilo hilo linakumbuka mambo ya askari kwa wingi katika masimulizi ya baadaye.

Halafu kuna suala la Farquhar. Mwaka 1871 Stanley alimwacha Mpwapwa mzungu mwenzake, William Farquhar, aliyekuwa mgonjwa hajiwezi, na mtu huyo akafia hapo. Habari ya "mgonjwa aliyeachwa na Stanley Mpwapwa" ni ya kweli na ilikuwa ya watu wa Mpwapwa tangu mwaka huo. Familia yenye bibi mgonjwa aliyeachwa na msafara fulani, miaka kumi na tano hivi baadaye, ilikuwa na jina kubwa lililo tayari la kuuvisha msafara huo. Jina la mzungu maarufu ndiyo sehemu ya masimulizi ya ukoo inayopaswa kuaminiwa mwisho kabisa: huhamia kirahisi, na humheshimisha anayelibeba.

Ukiliondoa jina, mifupa ya habari inabaki imara. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani kila kiangazi baada ya mavuno, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, kama kilo 32, na wengi walifuatana na wake zao waliobeba vyungu, chakula na watoto. Kutoka Ugogo kuja mashariki kulikuwa na Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kunyweka, na ukiimaliza unatokea Chunyo kisha Mpwapwa penye maji na chakula. Misafara ilipumzika hapo. Mgonjwa aliyevuka nyika ile kwa shida ndipo alipoachwa, kwa kuwa mbele yake kulikuwa na milima ya Usagara. Kijiografia, Mpwapwa ni mahali hasa pa kumwachia mtu.

Lakini mke wa mpagazi na mateka wote walipita njia hiyo hiyo, na wote waliugua. Sultani Barghash alifunga masoko ya watumwa Unguja mwaka 1873 na kupiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara mwaka 1876, na bado biashara iliendelea kwa siri. Swali la kweli la kisa hiki ni hilo, mke wa mpagazi au mateka, na tarehe haziwezi kulijibu. Mahari inaweza.

Katika desturi za Kigogo mahari ya binti haiishii kwa baba yake. Sehemu yake huenda kwa ndugu za mama, na mjomba ana nafasi kubwa katika mambo mengi ya mpwa wake. Mwanamke aliyekuja na mumewe, au aliyeachwa huru, alikuwa na kaka mahali fulani, hata kama yuko mbali Unyamwezi, na fungu lake lingeachwa, lingedaiwa au lingezua maneno. Mateka, au mtu wa rehani aliyetolewa na ndugu zake kama dhamana, hana kaka wa kudai fungu hilo. Basi unaacha kabisa kuuliza "Alikuwa mtumwa?", neno linalofunga mdomo wa kila mzee wa hapa, na unauliza juu ya ng'ombe.

Maswali yaliyoulizwa yalikuwa ya aina hii, kwa Kigogo, kila tawi peke yake nyumbani kwake: "Bibi, mama wa mama yako alipoolewa, mahari yake ilipokelewa na nani? Fungu la mjomba lilikwenda boma gani? Mjomba aliyesimama siku ya matanga ya bibi alikuwa mtu wa ukoo gani?" Mkutano wa ukoo ni mahali pabaya pa kuuliza haya, kwa kuwa huko mwenye cheo husema na wengine huitikia. Rekodi sauti, lakini andika pia idadi ya mifugo papo hapo, maana namba hupotea kwenye sauti za wazee.

Majibu ya matawi mawili yalilingana bila wao kujua. Binti aliolewa kabla ya vita, reli ikiwa mpya. Fungu la mjomba lilichukuliwa na mwenye boma mmoja wa jirani, mtu wa mbeyu, yaani ukoo wa Kigogo, nyingine kabisa, siyo ya mume wa bibi mkuu. Watoto wa binti walimwita mtu huyo mjomba, na wajukuu zake bado wanaalikwa kwenye harusi kama wajomba. Mtu huyo hakuwa Mnyamwezi. Alikuwa mwenyeji.

Maana yake ni kwamba bibi mkuu alipokelewa katika boma la mwenyeji, akafanywa dada au binti wa boma hilo, na mwenyeji ndiye aliyemwoza kwa jirani na kula mahari. Mke wa mpagazi aliyeachwa apone asingeolewa hivyo kirahisi. Mumewe alitarajiwa kurudi na msafara kabla ya mvua. Mwenyeji aliyetoa kitu kumpata mtu ana haki ya mahari yake. Na hapa maneno ya tawi la kijijini, ambayo tawi la mjini liliyaona ya matusi, yanapata mahali pa kukaa.

Debe zenyewe zisikupoteze. Debe la mafuta ya taa lilikuja kuwa kipimo cha nafaka vijijini baadaye. Katika miaka ya 1880 mtu wa Mpwapwa alipima kwa vyombo vyake. Kipimo kimebadilishwa na wasimulizi ili kieleweke, kama noti za zamani zinavyotajwa kwa thamani ya leo. Idadi, mbili, usiichukue kama takwimu. Kitendo ndicho kinachobaki: mtu kwa chakula. Msafara uliotoka nyikani na njaa, ukiwa na mateka mgonjwa asiyeweza kufika pwani, ulikuwa na sababu ya kukubali mtama. Tahadhari moja kwa wanaolinganisha mahari: mifugo michache isichukuliwe kuwa dalili ya hadhi ndogo kwa ndoa za karibu na sotoka. Watu hawakuwa na ng'ombe wa kutoa. Angalia nani alipokea, acha kiasi.

Dalili nyingine ndogo ilitafutwa, mwiko. Kila mbeyu ya Kigogo ina muzilo wake, kitu kisicholiwa au kisichoguswa, na mtoto hufuata wa baba. Wanawake wakati mwingine huendelea na miiko ya mama zao jikoni bila kujua inatoka wapi. Unauliza kila mwanamke wa mlolongo asichokula, kisha unaondoa vyote vinavyoelezwa na koo za baba. Kinachobaki bila mwenyewe kinaweza kuwa cha bibi mkuu. Katika kisa hiki hakikubaki kitu. Unyamwezi wake, basi, unasimama juu ya masimulizi tu, na kwa kuwa misafara mingi iliitwa ya Wanyamwezi, "Mnyamwezi" lingeweza kumaanisha yeyote aliyeletwa kutoka magharibi.

Nyaraka tuzipitie haraka. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS (Church Missionary Society) walifika Mpwapwa 1876 na kuweka kituo cha kudumu 1878. Barua zao ziko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Zinataja machifu, wagonjwa na misafara, na wanawake wachache mno kwa majina. Majalada ya Kijerumani yaliyobaki nchini yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, mengine Berlin. Ukiyafungua, tafuta Mpwapwa kwa tahajia ya Mpapua, na kumbuka ch huandikwa tsch, sh huandikwa sch, y huandikwa j. Mwandiko ni wa Kurrent, hati ya mkono ya Kijerumani ya zamani, usiosomeka hata kwa Mjerumani wa leo asiyefundishwa. Huko kuna barua za uhuru, zilizotolewa kwa watumwa waliokombolewa au kuachiwa. Bibi mkuu kutokuwemo hakuthibitishi lolote: mtu aliyekwisha kufanywa dada wa boma na kuolewa hakuwa na sababu ya kwenda ngomeni kuomba barua. Vitabu vya wilaya vya Waingereza vinafaa kwa jambo moja, kumpata mwenyeji. Vinaorodhesha koo na watawala wa kila eneo, na ukoo wa yule "mjomba" ukionekana hapo, unajua boma lake lilikuwa upande gani.

Boma lenyewe ni hame. Watu wa Mpwapwa, kama wa Dodoma yote, walihamishiwa vijijini mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika Operesheni Dodoma, na tembe za zamani zikabaki vichuguu vya udongo chini ya mibuyu. Hame lionyeshwe na mzee, lipigwe alama kwenye simu, na jina la mahali liandikwe kama mzee alivyolitamka, kwa sababu majina ya mahame hayapo kwenye ramani na yanakwenda na wazee.

Kipimo cha vinasaba kilipendekezwa na vijana wa tawi la mjini. Mstari wa mama huenda sawasawa na mlolongo huu, lakini aina za vinasaba vya mama zinazopatikana Unyamwezi zinapatikana pia Ugogo, Ukaguru na kwingine, kwa hiyo jibu lingekuwa pana mno kwa gharama yake. Sampuli za vinasaba vya binadamu nchini pia zina sheria yake ya 2009, inayosimamiwa kupitia Mkemia Mkuu wa Serikali; kutuma mate ng'ambo kwa posta si jambo la kufanya kimyakimya.

Uamuzi wetu: bibi mkuu aliletwa kutoka magharibi na msafara, akaachwa Mpwapwa akiwa msichana au mwanamke kijana katika nusu ya pili ya miaka ya 1880, kabla ya ngome ya Wajerumani, na mwenyeji alitoa chakula kwa ajili yake kisha akamwoza kama ndugu. Kwamba alikuwa mateka ni karibu na hakika lakini si hakika. Mtu wa rehani aliyewekwa na ndugu zake wenye njaa angeacha alama zile zile. Stanley anatolewa kwenye shina na kuwekwa kama masimulizi ya tawi moja, na Farquhar ametajwa pembeni.

Kuandika hayo kwenye kitabu cha ukoo kulikuwa kugumu kuliko kuyapata. Asili ya utumwa bado inatumiwa na watu wabaya katika ugomvi wa mashamba na urithi, na wazee wa kijijini walikuwa na sababu ya kusema maneno machache. Aya iliyokubaliwa na matawi yote inasema alipokelewa na boma la wajomba, inalitaja boma hilo, inatoa miaka kwa "kati ya" na "kabla ya", na imeacha nafasi ya mistari minne chini yake. Nafasi hiyo inasubiri kitabu cha ubatizo. Binti alibatizwa akiwa mtu mzima, na vitabu vya watu wazima wakati mwingine vina jina la mama kwenye safu ya wazazi. Atakayekwenda kanisani apige picha kurasa zote mbili zilizofunguliwa, jalada na namba ya ukurasa, asikate mstari mmoja tu, na aulize pia vitabu vya mtaa wa jirani, kwa sababu mpaka wa parokia haukuwa pale ulipo sasa.